"Pwani si Kenya": Maneno Matatu na Fasiri Zake Katika Historia ya Mombasa

Mji wa Mombasa haujapata kukosa maneno mafupi yenye maana ndefu. Katika karne ya 19 Muyaka bin Haji alizifumba siasa za mji wake ndani ya mashairi ambayo msikilizaji alipaswa kuyafumbua mwenyewe. Katika karne ya 20 duka la Kaderdina Hajee Essak, katika mtaa wa Biashara kando ya Mji wa Kale, liliuza kanga zenye chapa ya "Mali ya Abdulla", na juu ya kanga hizo semi ambazo maana yake hutegemea nani amevaa na nani amekusudiwa kusoma. Kwa hiyo maneno "Pwani si Kenya" yalipoenea katika kuta za kisiwani na bara yake, katika miaka iliyofuata uchaguzi wa 2007, yaliingia katika mji uliokwisha kuzoea kuyauliza maandishi: yamesemwa na nani, na yamwambia nani?

Swali hilo halikuulizwa vya kutosha. Wengi waliyasoma maneno hayo kwa maana moja tu, wengine wakiyashangilia na wengine wakiyalaani kwa maana hiyo hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugomvi uliozuka ulikuwa kwa sehemu kubwa ugomvi wa fasiri. Kwamba ndani ya maneno hayo zimo hoja mbili zilizokuwa mbalimbali wakati wa uhuru, yaani hoja ya enzi na hoja ya mgao wa mali. Na kwamba kuzisoma hoja hizo kama kitu kimoja kulileta hasara.

1. Muundo wa sentensi

Kisarufi sentensi hii ni nyepesi: nomino mbili, na kati yao "si", kikanushi cha "ni". Lakini "si" ina kazi zaidi ya moja. Kwanza, hukanusha utambulisho: Lamu si Mombasa. Pili, hukanusha kutimizwa kwa haki za uhusiano, wala si uhusiano wenyewe. Mama aliyetupwa na mtoto wake akisema, "Huyu si mwanangu," hakani kwamba alimzaa. Analalamika kwamba hakutendewa yampasayo mzazi. Tatu, "si" huongoza swali ambalo jibu lake linajulikana. Anayesema, "Mimi si ndugu yako?" anathibitisha udugu, na kwa udugu huo anadai fungu lake.

Katika mazungumzo kiimbo ndicho kinachozipambanua maana hizi. Ukutani hakuna kiimbo, na alama ya kuuliza aghalabu haiandikwi. Basi maandishi yale yale yaweza kusomwa kuwa tangazo la kujitenga, au lalamiko la aliyenyimwa, au swali la anayedai kuhesabiwa. Tena sentensi haina kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Haisemi kama Pwani haikuwa Kenya zamani, au haitakuwa kesho, au haitendewi leo kama sehemu ya Kenya.

Hata tahajia yake ina la kufundisha. Mahali pengi maneno hayo yaliandikwa "Pwani C Kenya", kama vijana wanavyofupisha maneno katika simu, na umbo hilo ndilo waliloliweka Justin Willis na George Gona katika anwani ya makala yao ya mwaka 2013 katika jarida la African Affairs. Herufi hiyo haisomeki "si" ila kwa mtu anayeijua kwa jina lake la Kiingereza, na jina hilo hufundishwa katika shule za Kenya. Yaani maandishi yanayoikana Kenya yanahitaji msomaji aliyelelewa na Kenya.

Nomino ya kwanza nayo yataka kuangaliwa. Katika miaka ya 1960 neno la siasa lilikuwa "Mwambao", na maana yake ilikuwa na mpaka: ukanda wa maili 10 uliokuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar. "Pwani" ni neno pana zaidi. Asili yake ni mahali maji yanapokupwa, lakini baada ya uhuru likawa jina la mkoa mzima, uliofika hadi Taita na nchi kavu ya mto Tana, mbali na maili 10 za Sultani. Tofauti hii ya maneno, kama itakavyoonekana, ni tofauti ya madai.

2. Enzi na mgao, 1895 hadi 1964

Mkataba wa Desemba 1895 baina ya Sultani Hamed bin Thuwaini na Uingereza uliwapa Waingereza utawala wa ukanda wa pwani kwa malipo ya kila mwaka, huku enzi ikibaki kwa Sultani. Bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu hadi mwaka 1963. Mwaka 1920 nchi ya bara ilipofanywa Koloni la Kenya, ukanda huo uliitwa Himaya. Kwa maana ya sheria, basi, palikuwa na wakati ambapo kusema kwamba Mwambao si Koloni la Kenya ilikuwa kweli tupu.

Lakini chini ya sheria hiyo yalikuwa yakitendeka mambo mengine. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Makao makuu ya serikali yakahamia Nairobi mwaka 1905. Bandari kubwa ikakua Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na bandari ya kale ikaachiwa majahazi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wayathibitishe. Waarabu na Waswahili wengi wenye mali walipata hati. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, hawakupata, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Huo ndio mzizi wa uskwota wa pwani. Kisiwani penyewe, katika mitaa kama Majengo, ulienea utaratibu wa nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kukilipia kodi.

Uhuru ulipokaribia, hoja mbili zilisimama mbalimbali. Watetezi wa Mwambao, miongoni mwao Sheikh Abdilahi Nassir, walitaka ukanda ujitawale au uwe na hadhi ya pekee. Hoja yao ilikuwa ya enzi, na hati yao ilikuwa mkataba wa 1895. Chama cha KADU, chini ya Ronald Ngala aliyekuwa mtu wa pwani, kilidai majimbo: Pwani iwe ndani ya Kenya, lakini ardhi na utawala wa jimbo viwe mikononi mwa wenyeji. Hoja hiyo ilikuwa ya mgao. Wanasiasa wengi wa Kimijikenda waliupinga Mwambao, kwa kuwa waliuona kuwa njia ya kurudisha utawala wa Waarabu. Mwaka 1961 Sir James Robertson alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na mwezi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Mawaziri Wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana kwa maandishi. Kenya iliahidi kulinda uhuru wa dini, mahakama za Kadhi na hati za ardhi zilizokuwako. Yafaa kutambua kwamba ahadi hiyo ya mwisho ilimlinda mwenye hati. Haikumpa kitu skwota. Hoja ya enzi ikafungwa. Hoja ya mgao nayo ikafungwa mwaka uliofuata, KADU ilipovunjwa na majimbo kufutwa.

3. "Twendapi?"

Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, juu ya Ujamaa wa Kiafrika, uliamua kwamba fedha za maendeleo ziwekwe kwanza mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri, na faida yake isaidie sehemu nyingine baadaye. Chama cha KPU cha Oginga Odinga, kilichoundwa mwaka 1966, kilipinga siasa hiyo na kudai ardhi igawiwe wasio nayo.

Mfuasi mmoja wa KPU mjini Mombasa alikuwa Abdilatif Abdalla, ndugu yake Sheikh Abdilahi Nassir. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika karatasi yenye anwani "Kenya: Twendapi?" Akahukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa uchochezi, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kwa mwanafunzi wa lugha jambo kubwa katika anwani ile ni kiambishi "tu-". Kijana wa Mombasa hakuuliza Kenya yendapi, wala Pwani yendapi. Alijihesabu ndani ya safari, kisha akamuuliza nahodha njia. Hata hivyo dola ililisoma swali hilo kama uasi. KPU yenyewe ilipigwa marufuku mwezi Oktoba 1969. Inapofikiriwa kwamba miongo minne baadaye kiambishi hicho kilitoweka katika maandishi ya ukutani, ni vema kukumbuka jinsi kilivyopokewa kilipokuwapo.

4. Fasiri ya dola na fasiri ya mahakama

Maneno "Pwani si Kenya" yalivuma pamoja na jina la Mombasa Republican Council. Kundi hilo lilishika mikataba ya 1895 na 1963 kuwa ushahidi wake, na malalamiko yake yalikuwa juu ya ardhi, ajira na bandari. Hapa ndipo hoja mbili za kale zilipoungana. Wajukuu wa wale walioukataa Mwambao sasa walishika hati za Mwambao, ili kudai mgao ambao hati hizo hazikupata kuwaahidi babu zao. Nao walisema "Pwani", neno linalomkaribisha hata mtu wa Taita ambaye nchi yake haikuwa ndani ya maili 10.

Dola ilichagua fasiri ya kwanza. Mwezi Oktoba 2010 na zaidi ya hapo hapakuwa na mjadala wa maana nyingine: kundi hilo liliwekwa mwaka 2010 katika orodha ya makundi 33 yaliyopigwa marufuku kwa sheria ya kuzuia uhalifu wa magenge. Majukwaani likasikika jibu, "Pwani ni Kenya". Jibu hilo ni sahihi kwa aliyekana utambulisho. Kwa aliyelalamika halijibu kitu, na kwa aliyeuliza linarudia tu alilokwisha kulisema. Tarehe 25 Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliiondoa marufuku hiyo, ikiiona kuwa kinyume cha katiba. Lakini mwezi Oktoba mwaka huo viongozi wa kundi walikamatwa, na usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 2013 polisi kadhaa waliuawa Mombasa na Kilifi. Serikali ililishuku kundi hilo, nalo likakana.

5. Hitimisho

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, sita zikiwa za pwani, na kuzihakikishia kaunti zote si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa namna fulani hoja ya Ngala ilirudi baada ya nusu karne. Lakini bandari na reli vilibaki mikononi mwa serikali kuu. Na mwaka 2019, wananchi wa Mombasa walipoandamana kupinga agizo la kupeleka makasha kwa reli mpya hadi Nairobi, mwito wao ulikuwa "Okoa Mombasa". Ndani ya mwito huo hamna tena neno la kujitenga. Limebaki dai la riziki.

Upungufu mmoja wa "Pwani si Kenya" haukuwahi kutibiwa na wapenzi wake wala na maadui zake. Sentensi hiyo yasema mali itoke wapi. Haisemi ikirudi igawiwe nani. Mwenye kiwanja wa Mji wa Kale, mpangaji wa Majengo na skwota wa Kilifi waweza kuitamka kwa sauti moja, ilhali kila mmoja anamkusudia mwenziwe kuwa ndiye mdaiwa. Hapo ndipo lilipo swali la mali pwani tangu 1908, na halitajibiwa kwa "ni" wala kwa "si".