Mufwankolo na Maigizo Yasiyoandikwa ya Lubumbashi

Kundi la maigizo la Mufwankolo, la mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilitunga michezo yake bila kuandika mazungumzo. Wachezaji walichagua mada, wakapanga mfuatano wa visa na kugawana nafasi. Jukwaani kila mmoja alijitafutia maneno kwa Kiswahili cha Katanga.

Sanaa hiyo ni zao la mji wa migodi. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi 1966, ilianzishwa mwaka 1910. Kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili kikawaunganisha kazini na kambini. Katika miaka ya 1950 vikundi vya vijana vya muziki, ngoma na vichekesho vilishamiri, maarufu kati yavyo kikiwa JECOKE cha komini ya Kenya mjini humo. Katika mazingira hayo alikulia kisanaa Odilon Kyembe Kaswili, aliyejulikana kama Mufwankolo. Watu wa mji walilizoea kundi lake kupitia redio na televisheni, likiigiza maisha yao wenyewe.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha chuo kikuu mjini humo, aliwauliza wachezaji maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Swali lilikuwa zito, kwani nchi ilikuwa chini ya utawala wa kiimla wa Rais Mobutu. Hawakuishia kumweleza, waliamua kuutungia mchezo. Walibishana: je, chifu akigawana madaraka na wengine, kijiji kitasimama au kitavurugika? Hoja za mabishano hayo ziligeuka visa, na mazoezi yakaibua hoja nyingine. Hatimaye mchezo ulichezwa mbele ya wanakijiji wa Kawama, karibu na mji, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Fabian alieleza safari nzima ya mchezo huo katika kitabu *Power and Performance* (1990), akiyahifadhi maneno ya wachezaji kwa Kiswahili chao.

Walimu wanaotafuta njia ya kuwashirikisha wanafunzi wana mfano hapa. Somo la uraia au historia laweza kuanza na swali lenye utata. Wanafunzi wapewe nafasi za chifu, mzee, mshitaki na mshitakiwa, waigize, kisha wajadili uamuzi wa kila mmoja. Urithi wa Mufwankolo unastahili nafasi katika madarasa ya Lubumbashi, kwa sababu humlazimu mwanafunzi kufikiri kabla ya kusema.