Sharo Milionea na Kicheko Tulichokidharau

Katika semina zetu za fasihi, tanzia hupewa kiti na futuhi huachiwa mkeka. Mimi naupinga mpango huo, na shahidi wangu ni Hussein Ramadhani Mkiety, ambaye Watanzania walimjua kwa jina la Sharo Milionea.

Tuanze na jina. “Sharobaro” lilikuwa neno la mitaani la kumwita kijana mtanashati mwenye mapozi mengi. Sharo akaongezea umilionea, kisha akatuonyesha kijana ambaye mavazi na mwendo wake vinasema pesa ipo, lakini mfuko unasema vingine. Sauti ya kujidekeza, “men” mwishoni mwa sentensi, basi watu hoi! Wenzangu watasema huyo ni mhusika bapa, habadiliki. Ni kweli. Lakini atabadilikaje, wakati pozi ndiyo mali pekee aliyonayo? Alipowekwa mbele ya Mzee Majuto (Amri Athuman, aliyefariki 2018), ubapa huo ukawa hoja: mzee wa zamani anamkagua kijana wa soko huria.

Kwetu Ikungi, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012, aliletwa na runinga za mabasi ya barabara ya Manyoni na vibanda vya video. Wakulima wa alizeti hawakuhitaji mhakiki wa kuwafafanulia. Sharobaro walikuwa naye kijijini: karudi kutoka mjini na miwani ya jua, nauli kakopa.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 2012, gari la Sharo lilipata ajali Muheza, mkoani Tanga, nyumbani kwao. Akafariki akiwa na miaka 27. Magazeti yaliandika kwamba baadhi ya watu waliofika pale, badala ya kumsitiri, walimpora. Mwandishi wa tamthilia angemaliza hivyo, tungemwambia kazidisha chumvi. Kumbe tamaa aliyoichekesha miaka yote haikuwa ya sharobaro peke yake. Ilikuwa ya hadhira pia. Tulicheka tukidhani anasemwa jirani.

Ndiyo maana nasema futuhi yake ni kumbukumbu ya kihistoria. Anayetaka kujua vijana wa miaka ile walitamani nini, na tamaa hiyo iligharimu nini, asiishie kwenye riwaya. Aziangalie kanda za Sharo, tena mapema, maana kanda nazo huchakaa.