Njaa ya Mtunya na Ushahidi wa Habari za Yesu

Katika nchi ya Bahi, magharibi ya Dodoma, kama kwingineko Ugogoni, wazee walizitaja njaa kwa majina yake. Iliyo mashuhuri ni Mtunya, iliyoiangamiza nchi baina ya miaka ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua nayo ikakosa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, yapata miaka arobaini ilikuwa imepita, na wengi walioiona njaa hiyo kwa macho walikuwa wangali hai. Mwenye kutafuta habari zake hakuwa na haki ya kuiita hadithi tupu, wala hakupaswa kupokea kila neno. Ilimpasa kuuliza: nani aliona, nani alisikia, na wapi masimulizi yapatana?

Kipimo hicho chafaa pia kwa hoja ya Wakristo juu ya Yesu. Wanazuoni wengi hukiweka kifo chake karibu na mwaka 30, na Injili ya Marko karibu na mwaka 70, yaani muda kama ule wa tangu Mtunya hadi Uhuru. Waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho ni wa zamani zaidi, wa miaka ya 50. Humo ataja kufa na kufufuka kwa Yesu kuwa habari aliyoipokea. Kwa Wagalatia aeleza kwamba alionana na Petro, na Yakobo ndugu yake Bwana. Tena Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo, aliandika mapema katika karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Ushahidi wa asiye rafiki una uzito, ijapokuwa yawezekana naye aliupata kwa Wakristo wenyewe.

Marko ataja wanawake watatu waliokwenda kaburini, Mathayo wawili, Yohana amtaja Mariamu Magdalene peke yake. Barazani, mashahidi wapatanao kwa kila neno hushukiwa kuwa wamefundishana. Hitilafu ndogo haivunji shauri. Lakini mashahidi nao wahesabiwe kwa haki: wataalamu wengi waona kwamba Mathayo na Luka walikitumia kitabu cha Marko, basi wanne hao si wanne kamili.

Wanahistoria walio wengi, waamini na wasioamini, hukubali kwamba Yesu alisulubiwa, na kwamba wanafunzi wake walisadiki kuwa wamemwona hai. Mwislamu, kwa kufuata Kurani, Sura ya 4, aya ya 157, haukubali msalaba wenyewe. Yeye hukata shauri kwa wahyi. Mkristo naye, afikapo kwenye sababu ya kusadiki kwao, huvuka mpaka wa ushahidi na kuingia katika imani.

Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, alitoa mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1963 Utenzi wa Enjili Takatifu. Habari za wazee alizipa kitabu chake, na Injili utenzi wake. Atakayezisoma kazi hizo mbili hana budi kujua ni wapi aulize kwa ushahidi, na ni wapi ushahidi hauwezi kumjibu.