Utumishi wa Umma na Jasho la Mkulima

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tukumbuke kwamba mkulima hakustawi kwa jembe lake peke yake. Nyuma ya kila gunia lifikalo sokoni pana reli, mizani, mtafiti, mkaguzi na mwalimu. Kazi ya hao ndiyo utumishi wa umma, na historia yao haitengani na yetu. Twachukua mfano wa kahawa ya Kilimanjaro, ambako ushirika wa nchi hii uliota mizizi mapema.

Reli ya Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Pasipo reli hiyo, faida ya kahawa ingaliishia njiani. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao. Mwaka 1932 ikatungwa Sheria ya Vyama vya Ushirika, na mwaka 1933 chama kile kikazaliwa upya kwa jina la KNCU. Sheria hiyo ilimweka Msajili, aandikishe vyama na kusimamia hesabu zao. Mwaka 1934 kilianzishwa kituo cha utafiti wa kahawa huko Lyamungu. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Ushirika mjini Moshi, ili makatibu wetu wajifunze kutunza vitabu vya fedha. Hapana mkulima mmoja ambaye angaliweza kugharimia hayo yote. Taifa liligharimia, na kahawa ikalipa taifa kwa fedha za kigeni.

Lakini historia yatuonya pia. Tume iliyoundwa mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao ilikuta hesabu mbovu na uongozi dhaifu katika vyama vingi. Badala ya kuponywa, mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi yake ikagawiwa vijiji na mamlaka za mazao. Hapo mtumishi akashika nafasi ya mwenye mali. Gharama za mamlaka zikapanda, malipo yakachelewa, na mkulima akakosa moyo wa kupalilia mibuni. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu, na mwaka huo huo likaanzishwa Shirika la Ukaguzi wa Vyama vya Ushirika.

Fundisho ni hili: idara ya umma ni nguzo ya nyumba, wala si mwenye nyumba. Ipimapo kwa haki, ikaguapo bila upendeleo na itafitipo kwa subira, uchumi wa nchi husimama. Lyamungu penyewe ni ushahidi: tangu mwaka 2001 kazi hiyo i mikononi mwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, nayo imetoa miche inayostahimili chule buni na kutu ya majani.

Nasi wanachama tuna wajibu wetu. Mkono mmoja haulei mwana. Tukimficha mkaguzi vitabu, au tukichanganya kahawa mbichi na iliyokauka, twaibomoa nguzo tunayoiegemea. Nanyi maofisa, kumbukeni kwamba kila siku malipo yanapochelewa, yuko mtoto anayengojea ada ya shule. Tukishika hayo sote, miaka kumi ijayo itatukuta tumesimama imara kuliko leo.