Chakula Kinachochagua

Asimamaye juu ya vilima vya Kilungu, karibu na soko la Nunguni, huona chini yake matuta ya mashamba yaliyochimbwa kwa jasho la vizazi, na mbali zaidi mabonde makavu ya Makueni. Huko mabondeni, mvua zikiisha, mito mingi hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba visima mchangani ili wapate maji. Maji hayo huonekana safi machoni. Lakini kisima wanachonywea watu na ng'ombe pamoja chaweza kuficha vijidudu viletavyo homa ya matumbo, kuhara damu au kipindupindu. Je, mwanadamu alipataje njia ya kuvitambua vijidudu hivyo visivyoonekana?

Zamani njia hiyo haikuwapo. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara, kikafuata njia za misafara kupitia nchi ya Wamasai hadi pwani, kisha kikaingia Unguja na kuua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi huko, alikusanya habari za ugonjwa huo kituo kwa kituo, akazitoa katika kitabu mwaka 1876. Mwendo wa adui aliujua, lakini sura yake hakuiona.

Ili kijidudu kionekane na kuchunguzwa, lazima kwanza kioteshwe peke yake, kama mbegu katika kitalu. Mjerumani Robert Koch na wasaidizi wake walitumia jelatini, lakini ilikuwa ikiyeyuka kwa joto. Mwaka 1881 Bibi Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi hao, alishauri watumie agari, utomvu wa mwani aliozoea kuutumia jikoni. Agari haiyeyuki katika joto la mwili wa mtu. Kwa ushauri wa mama huyo wa nyumbani, kazi ya maabara ikawezekana hata katika nchi za joto. Mwaka 1887 Julius Richard Petri alieleza kisahani cha kioo chenye kifuniko, ambacho bado chaitwa kwa jina lake.

Hata hivyo, ugumu mmoja ulibaki. Choo cha mtu kina vijidudu vya namna nyingi mno, na vilivyo vingi havina madhara. Ukivipa vyote chakula kizuri, vyote husitawi, na kile kibaya hupotea katikati yao kama mche wa mtama katika shamba lililojaa magugu. Basi wataalamu wakatambua kwamba haikuwa kazi yao kutengeneza chakula cha kuwapendeza wageni wote. Walihitaji chakula cha kuwafukuza wengi na kuwakaribisha wachache.

Mwingereza Alfred MacConkey aliieleza njia hiyo vizuri mwaka 1905. Alitumia chumvi ya nyongo. Nyongo humwagika matumboni kila siku, na vijidudu vya matumbo vimeizoea, bali vingi vya ngozi na vya udongo havistahimili. Katika chakula hicho hutiwa pia sukari ya maziwa na rangi. Vijidudu vya kawaida vya matumbo huichachua sukari hiyo, na makundi yao huwa mekundu. Vile vya homa ya matumbo na vingi vya kuhara damu haviichachui upesi, kwa hiyo hubaki vyeupe. Baada ya usiku mmoja katika joto, mchunguzi hufunua kisahani, na lililokuwa limefichika li wazi mbele yake. Hapo hufuata majaribio mengine ya kuthibitisha.

Mwaka 1961 wimbi jipya la kipindupindu lilianza Indonesia. Mwaka 1963 wataalamu wa Japani walitoa chakula cha rangi ya kijani chenye sukari ya miwa, ambamo kijidudu cha kipindupindu huota kwa rangi ya manjano. Wimbi hilo lilifika Afrika mwaka 1970, na mwaka 1971 likaingia Kenya.

Lakini kisahani hakiwezi kupanda vilima peke yake. Kilungu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, wilaya ya Makueni ilipoundwa. Katika wilaya hiyo kubwa ya zamani, upande wa kaskazini, watafiti wa miaka ya 1970 walitembelea nyumba moja moja kila majuma mawili, wakiandika ni watoto gani waliohara. Hesabu kama hiyo huonyesha wingi wa wagonjwa. Kumtaja adui kwa jina ni kazi ya maabara. Na maabara hungoja kitu kimoja: mtu akubali kutoa choo chake, nacho kifike kabla vijidudu havijafa njiani. Kwa safari ndefu wataalamu Cary na Blair walitengeneza, mwaka 1964, dawa ya kuvihifadhi vikiwa hai.

Wengi huona haya kupeleka kichupa hicho. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto mmoja akitambuliwa ugonjwa wake mapema, mganga hujua dawa ya kumpa, na kijiji hujua kwamba maji yapasa kuchemshwa na kisima kutazamwa. Aibu ya mzazi ni ya saa moja tu, na faida yake yaweza kuwa ya kijiji kizima.