Kutoka Kaloleni hadi mapango ya Karura: Safari ya siku moja katika kumbukumbu za vita

WATALII wanaozuru jiji la Ho Chi Minh nchini Vietnam hupanda mashua asubuhi, wakafuata Mto Saigon hadi Cu Chi, na huko wakaongozwa na wenyeji kuingia katika mahandaki yaliyotumiwa na wapiganaji dhidi ya Wafaransa na baadaye Wamarekani. Mahandaki hayo, ambayo uchimbaji wake ulianza katika miaka ya 1940, yalifikia urefu wa zaidi ya kilomita 200. Jioni wageni hurudi mjini, wakiwa wameona mahali vita vilipopiganwa na kusikia habari zake kutoka kwa watu wa huko.

Mkazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hana haja ya kwenda Vietnam kujifunza jinsi watu wa kawaida walivyoishi na vita. Katika muda wa siku moja, kwa miguu na kwa matatu, anaweza kutoka katika nyumba za Kaloleni na kufika kwenye mapango ya msitu wa Karura, ambayo yanakumbukwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Makala haya yanaeleza njia hiyo, vituo vyake, na mambo ambayo msafiri na kiongozi wake wanapaswa kuyafahamu kabla ya kuianza.

Suala la mashua

Mto Nairobi hupita kando ya Gikomba na Kamukunji, lakini haubebi abiria. Ni mwembamba, una taka nyingi, na mvua zinapozidi hugeuka kuwa hatari, kama ilivyodhihirika katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyowaathiri vibaya wakazi wa Mathare na Mukuru. Mito inayopita Karura hatimaye humwaga maji yake katika Mto Nairobi, kwa hivyo msitu na mitaa ya mashariki vimeunganishwa na maji, ingawa si maji ya kusafiria.

Anayetamani mashua anaweza kwenda Paradise Lost, bustani ya mapumziko iliyo kando ya barabara ya Kiambu. Pana bwawa ambalo wageni huendeshwa mashua, maporomoko ya maji na mapango ambayo nayo hutajwa kuwa yaliwahifadhi wapiganaji. Bustani hiyo iko upande ule ule wa Karura, hivyo inaweza kuongezwa katika safari hii kwa wale walio na watoto.

Kituo cha kwanza: Kaloleni

Inafaa kuanzia Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na familia zao. Nyumba zake za mawe zenye vigae, zilizopangwa kuzunguka ukumbi wa kijamii, zilikuwa tofauti na vyumba vya kulala wanaume pekee ambavyo serikali ya kikoloni ilizoea kuwajengea vibarua wa mjini.

Ukumbi huo una historia nzito. Mnamo Aprili 23, 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na jumuiya ya Wahindi, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh aliwasilisha hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Majuma machache baadaye, yeye na Fred Kubai walikamatwa, na mgomo mkubwa wa wafanyakazi ukalikumba jiji. Singh hakuachiliwa hadi 1961. Viongozi kama Jomo Kenyatta, Jaramogi Oginga Odinga na Tom Mboya pia walihutubia watu katika ukumbi huo.

Kituo cha pili: Burma na kumbukumbu za vita vya ng'ambo

Kutoka Kaloleni, msafiri huvuka barabara ya Jogoo na kufika Burma, soko ambalo leo linajulikana zaidi kwa nyama. Jina lake ni ukumbusho wa kampeni ya Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ambako askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki walipigana na Wajapani mwaka wa 1944.

Vita hivyo vya mbali vilichangia vita vya nyumbani. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China, alihudumu Burma kabla ya kurudi Kenya na kufanya kazi katika shirika la reli. Ujuzi wa kijeshi alioupata huko ndio aliouingiza katika msitu wa Mlima Kenya, hadi alipojeruhiwa na kukamatwa Januari 1954.

Mbele kidogo kuna Kariokor, jina linalotokana na matamshi ya wenyeji ya maneno "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia vya 1914 hadi 1918. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa njia iyo hiyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Kwa hivyo, kabla hata hajafika msituni, msafiri huwa amepita katika vita viwili ambavyo Waafrika walipigana kwa ajili ya wengine.

Operesheni Anvil

Hali ya hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring mnamo Oktoba 20, 1952. Wapiganaji walikuwa katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, lakini fedha, dawa, nguo, risasi na vijana wapya walitoka kwa sehemu kubwa Nairobi, hasa katika mitaa ya mashariki. Wanawake walibeba ujumbe na mahitaji chini ya vikapu vya mboga. Katika mwaka wa 1953, wakazi waliagizwa kususia mabasi, sigara na pombe za Kizungu, na wengi wakatii.

Serikali ilijibu alfajiri ya Aprili 24, 1954. Jenerali George Erskine aliuzingira mji kwa kikosi cha watu wapatao 25,000, na mitaa ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapitishwa mbele ya wasaliti waliofunikwa magunia kuanzia kichwani, ambao Wakikuyu waliwaita "gakunia". Kutikisa kichwa kwa mmoja wao kulitosha kumpeleka mtu kizuizini. Katika majuma yaliyofuata, watu wapatao 20,000 walizuiliwa; walianzia kambi ya Langata, kisha wengi wakahamishiwa Manyani na Mackinnon Road. Maelfu ya wanawake na watoto walirudishwa vijijini, na baadhi ya mitaa ikazungushiwa seng'enge.

Kwa wapiganaji wa msituni, pigo hilo lilikata mrija wa mahitaji. Kwa familia za Eastlands, lilimaanisha baba aliyetoka kwenda kazini na asirudi kwa miaka kadhaa.

Majina yanayosema upande mwingine

Kiongozi mwaminifu hatakoma hapo. Katika mitaa hii kuna Mbotela, na pia Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Tom Mbotela alikuwa diwani na kiongozi wa KAU aliyepinga matumizi ya nguvu. Aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Ambrose Ofafa, diwani na mweka hazina wa Luo Union, alipigwa risasi mwaka wa 1953. Vifo vya wote wawili vilihusishwa na Mau Mau, nayo serikali ya kikoloni ikayapa mitaa mipya majina yao.

Matokeo yake ni ramani yenye pande mbili. Katikati ya jiji kuna barabara ya Dedan Kimathi na sanamu yake, iliyozinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake. Mashariki mwa jiji, maelfu ya watu huamka kila siku katika mitaa yenye majina ya waliouawa na upande wa Kimathi. Wengi wa wakazi hao hawajui majina hayo yalitoka wapi. Safari ambayo huwataja mashujaa wa msituni pekee, au waathiriwa wa mjini pekee, husimulia nusu ya habari.

Kufika Karura

Kutoka Kariokor, msafiri hupanda matatu za barabara ya Kiambu na kuteremka penye makao makuu ya Huduma ya Misitu ya Kenya, ambapo pana lango la kuingia Karura. Wanaopitia barabara ya Limuru wana lango lao pia. Viingilio hubadilika mara kwa mara, na raia hulipa tofauti na wageni, kwa hivyo ni vyema kuuliza mapema na kubeba kitambulisho.

Msitu huo una ukubwa wa takriban hekta 1,041 na ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka wa 1932. Ndani yake kuna njia zilizowekwa alama, maporomoko ya maji na mapango kando ya Mto Karura. Ni mapango ya asili, mafupi, yasiyolingana kamwe na mahandaki ya Cu Chi. Anayetarajia kuona vyumba vya chini ya ardhi, silaha na majiko atavunjika moyo.

Umuhimu wake unatokana na mahali yalipo. Upande mmoja ni Muthaiga, makazi ya wakubwa wa kikoloni. Upande mwingine ni Kiambu na mashamba ya kahawa ya walowezi. Mtu aliyejificha hapo alikuwa umbali wa matembezi tu kutoka mjini alikopata chakula na habari, na pia kutoka kwa maadui waliokuwa wakimsaka. Akisimama kwenye giza la pango huku akisikia maji ya mto, msafiri ataelewa kwa nini Operesheni Anvil ililenga mitaa kwanza: pango lisilo na mtu wa kuleta unga halikai na mpiganaji kwa muda mrefu.

Msitu wenyewe nao uliponea chupuchupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu zake ziligawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Profesa Wangari Maathai na wenzake waliongoza upinzani, na Januari 1999 walishambuliwa walipokwenda kupanda mti. Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004.

Mambo ya kuzingatia

Msafiri avae viatu vilivyofunika miguu, abebe tochi na maji, na asiingie mapangoni mvua inaponyesha, kwa kuwa mawe huteleza. Popo wanaoishi humo wasisumbuliwe, na maandishi yasichorwe ukutani. Ni afadhali kutembea kwa kikundi na kumaliza ziara ya msitu kabla ya malango kufungwa jioni.

Katika mitaa, ikumbukwe kuwa hizo ni nyumba za watu. Kiongozi aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na wazee wanaosimulia wasalimiwe kwa heshima na wasikatizwe. Mzee akisema hataki kuzungumzia kizuizini, asishurutishwe.

Jambo muhimu zaidi ni swali ambalo mgeni ana haki ya kumuuliza kiongozi: habari hii umeipata wapi? Kuna tofauti kati ya tukio lililoandikwa, simulizi ya mtu aliyeshuhudia, na masimulizi yanayopambwa ili mgeni afurahi. Vijana wa Eastlands wanaweza kupata riziki halali katika kazi hii, lakini sifa yao itategemea kutenganisha mambo hayo matatu.

Wakati hausubiri

Mau Mau iliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mnamo Juni 6, 2013, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso yaliyotendwa na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Mnara wa ukumbusho ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru mwaka wa 2015. Hata hivyo, mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa Operesheni Anvil amepita miaka 90 sasa.

Majengo nayo yanatoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliibomoa Pangani ya zamani na kuwahamishia wakazi wake Shauri Moyo. Katika miaka ya karibuni, nyumba za mtaa wa Pangani zilibomolewa tena ili kupisha ghorofa, na mitaa mingine mikongwe ya Eastlands imewekwa katika mpango wa kujengwa upya. Hapana anayewanyima wakazi haki ya kuishi katika nyumba bora. Lakini nyumba ikishabomolewa, na mzee aliyekaa humo akishazikwa, kiongozi atabaki akionyesha uzio wa mabati na kusimulia mambo yasiyoweza kuthibitishwa. Wanaokusudia kuitembea njia hii, na shule zilizo karibu nayo, wana sababu ya kuanza mapema na kubeba daftari.