Wanawake Hamsini wa Ngomeni

Wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana niliweka video ya Fort Jesus na sikuwa nimewahi kukanyaga Fort Jesus. Nilikuwa Nairobi, nimelala kwa kitanda, na picha za kuokota mtandaoni. Nikasema hivi: Wareno walijenga, Waarabu wakawanyang'anya, Waingereza wakaigeuza jela. Sekunde arobaini, kwisha. Ilipendwa kuliko kitu chochote nilichoweka mwaka huo. Mpaka watu wa kidato cha nne wakaniandikia ati nimewasaidia kudurusu.

Na siwalaumu, kwa sababu hivyo ndivyo sisi wote tulifunzwa. "Taja sababu tano zilizowafanya Wareno kujenga Fort Jesus." Unaandika walitaka kulinda biashara, walitaka mahali pa kuweka silaha, walitaka kujikinga na Waturuki, unachukua alama zako tano unaenda zako. Mimi nilipata zote tano. Bado nazikumbuka.

Likizo iliyopita nikapanda treni. Nilikuwa nataka tu kurekodi tena ile video vizuri, na bahari nyuma yangu, na mwangaza wa asubuhi. Nililala kwa binamu yangu Kisauni, asubuhi nikasimamisha tuktuk nikasema Fort Jesus. Dereva akarudia, "Ngomeni?" Nikasema hapana, Fort Jesus. Akaniangalia kwa kioo. "Ndiyo, dada. Ngomeni."

Sawa. Somo la kwanza nimelipata kabla ya kulipa tiketi.

Ukiiona kwa picha ni ukuta tu mkubwa wa rangi ya machungwa. Ukiisogelea unaona ukuta wenyewe una vishimo na michoro midogo midogo, kama sega la nyuki, halafu inakuingia akilini kwamba hii ni matumbawe. Ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe, juu ya mwamba wa matumbawe, na kuna mahali huwezi kujua mwamba umeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Mchoro ulikuwa wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na kazi ilianza 1593 kwa amri ya mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa mfalme wa Ureno pia. Kuta zina pembe ambazo zinakaa kama mtu alichanganyikiwa, lakini ujanja wake ni huu: hakuna sehemu ya ukuta unaweza kujificha chini yake bila mtu aliye kwenye pembe nyingine kukuona na kukupiga risasi.

Hayo nilielezwa na mzee mmoja anayetembeza wageni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Watoka bara, mwanangu." Hakuwa anauliza.

Mzee alinisimamisha kwanza langoni, chini ya bamba la mawe lenye maandishi ya Kireno. Linataja mwaka 1635. Linamsifu kapteni mmoja anaitwa Francisco de Seixas de Cabreira, na linasema alipewa ngome akiwa na miaka 27. Manze, 27! Nina marafiki wa miaka hiyo hatuwaachii hata funguo za nyumba. Bamba linaorodhesha mambo yake yote: aliwafanya wafalme wa pwani walipe kodi, aliiadhibu Pate na Siyu mpaka akabomoa kuta za miji yao, aliiadhibu Pemba, akawaua viongozi waasi kwa uamuzi wake mwenyewe. Yaani alijitengenezea wasifu wa kujisifu na akauchonga kwa jiwe. Uko pale mpaka leo, karibu miaka 400.

Waasi wenyewe wanahitaji aya yao. Mfalme wa Mombasa aliyeasi alikuwa Yusuf bin Hasan. Babake, Sultani Hasan, aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia bara, na 1614 akauawa huko kwa njama ya Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Halafu mtoto pia akapelekwa Goa, akiwa mdogo wa miaka saba hivi, akalelewa na mapadri, akabatizwa jina Dom Jerónimo. Fikiria hilo kidogo: kulelewa katika mji uleule uliopokea kichwa cha babako. Akarudishwa Mombasa kuwa mfalme, wakidhani wamejitengenezea mtu wao. Mwaka 1631 akaonekana akiomba dua ya Kiislamu kwa kaburi la babake, na habari zikamfikia kapteni. Yusuf hakungoja. Tarehe 16 Agosti akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, ngome ikawa yake. Wareno walikuja na meli kutoka Goa kuirudisha, wakashindwa. Mwaka uliofuata akaiacha mwenyewe, akaondoka kwa meli aliyoiteka kwao.

Najua mnavyopenda hadithi ya aina hii, na mimi pia. Lakini siku zile baada ya Agosti 16 Yusuf aliua Wareno wa mjini pamoja na Waafrika Wakristo, wanawake na watoto ndani, waliokataa kubadili dini. Ukimfanya shujaa, hao pia wabebe na yeye.

Hapo nilikuwa nimerekodi dakika ishirini na nikaona nimemaliza. Nikamwambia mzee asante. Akasema ngoja, akanipandisha juu kwenye ukuta unaoangalia bahari, pale upepo unakupiga mpaka kilemba kinataka kuruka. Akauliza:

"Mwaka 1697, ngome hii ilikuwa mikononi mwa nani?"

Nikajibu haraka kama niko darasani. "Wareno, mzee."

"Wareno gani? Wareno walikuwa washakufa."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hii haikuwa kwa zile sababu tano.

Machi 1696 meli za Oman zilifika Mombasa. Hawakuja tu kwa kupenda. Watu wa Mombasa walikuwa wameomba msaada Oman miaka mingi kabla, baada ya kuona Waomani wamewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mji ukachukuliwa upesi, ngome ikabaki imezingirwa. Ndani kulikuwa na askari Wareno wachache, na watu wa pwani wengi kuwaliko: waliokuwa upande wa Wareno, waliokimbilia humo, na waliokuwa humo kwa sababu hawakuwa na uamuzi wa kuwa mahali pengine. Miongoni mwao alikuwa Bwana Daud wa Faza, kule kisiwa cha Pate. Faza na mji wa Pate walikuwa mahasimu wa siku nyingi, Pate ilikuwa na Oman, kwa hivyo Faza ikawa na Wareno. Siasa ya pwani haikuanza jana.

Ngome ilizingirwa miezi 33. Karibu miaka mitatu! Si mizinga iliyowamaliza, ni maradhi. Mwanzoni mwa 1697 ugonjwa uliingia ndani, ukawachukua askari mmoja mmoja, na kapteni naye akafa mwaka huohuo. Ikafika mahali walinzi wa ngome ya mfalme wa Ureno ni hawa: Bwana Daud, watu kumi na saba wa jamaa yake, wanaume Waafrika wanane, na wanawake Waafrika hamsini.

Nilimwomba mzee arudie. Akarudia polepole, akihesabu kwa vidole, kama amezoea watu wa bara kumwomba arudie.

Jumlisha mwenyewe. Ni watu 76. Wanawake ni 50. Yaani ile ngome unayoiona kwa noti za shule, katika wakati wake mbaya kabisa, theluthi mbili ya walioishika walikuwa wanawake Waafrika, na hawakuishika siku moja. Waliishika mpaka Septemba, wakati meli za Wareno zilifika na askari wapya. Kama si wao, vita vingeisha mwaka ule.

Na Bwana Daud tunamjua jina. Kapteni wa miaka 27 tunamjua mpaka umri. Hao hamsini, katika yote niliyosoma tangu siku ile, sijakutana na jina hata moja.

Nikikaa chini kuandika hii nilijua kuna mtu atakuja na "lakini si walikuwa wanalinda mkoloni?" Ndiyo. Nimelifikiria hilo usiku mzima kwenye treni ya kurudi. Waliokuwa nje wakipiga ngome waliitwa na watu wa Mombasa, na sababu yao ilikuwa nzuri, muulize aliyebomolewa mji na kijana wa miaka 27. Kwa hivyo siwezi kuwachapisha wanawake hawa kwa fulana na kuwaita wapigania uhuru. Lakini pia sijui ni nani kati yetu angefungua lango. Ngome ikianguka karne ile, mwanamke aliye ndani hangeulizwa msimamo wake wa kisiasa. Angeuawa, au angeuzwa. Mimi naona walikuwa wanalinda shingo zao na za waliokuwa karibu nao, na bendera iliyokuwa juu ilikuwa shida ya mtu mwingine. Kama una maoni tofauti niandikie, ila usiniletee maoni ya sekunde arobaini.

Mwisho wa hiyo vita unaumiza hata ukiwa huna upande. Desemba 1698 ndani walikuwa wamebaki watu wachache sana, tarehe 13 Waomani wakapanda kuta wakaingia. Siku chache baadaye meli za msaada kutoka Goa zikafika, zikaona bendera nyingine juu, zikageuza.

Yaliyofuata mnayajua au mtayasoma: Wamazrui walioitawala Mombasa kama yao kwa muda mrefu wa karne ya 18, Seyyid Said aliyewaondoa mwaka 1837, Waingereza walioifanya gereza kutoka 1895 hadi 1958. Vyumba vya wafungwa nilivipita haraka. Nilikuwa nimechoka, na kichwa kilikuwa bado 1697.

Kwenye makumbusho ya ndani nilikaa zaidi. Kuna vitu vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Kireno iliyozama hapohapo mbele ya ngome, Santo António de Tanná, iliyokuja kusaidia mwaka uleule wa 1697. Wapiga mbizi walianza kuichimbua miaka ya 1970. Na kuna michoro iliyochorwa ukutani na walinzi wa Kireno waliokuwa hawana la kufanya: meli, samaki, watu. Kama vile sisi tulichora madawati. Imehifadhiwa vizuri, na ni mizuri kweli. Nilisimama pale nikafikiria kwamba hata uchoshi wa askari wa Kireno umetunzwa, na mimi nimetumwa na mzee kutafuta wanawake hamsini na sina hata mahali pa kuelekeza kamera.

Mwishowe nilirekodi ukuta tu. Ule wa juu unaoangalia bahari, dakika moja na nusu, bila uso wangu, upepo umeharibu sauti yote. Binamu yangu aliiangalia akasema haina kitu. Ile ya zamani sijaifuta, bado watu wanaipenda. Nimebandika hii chini yake.

Ukienda, enda mapema kabla jua halijapanda, beba maji, vaa viatu vyepesi wasikujue. Usipite tu na simu. Tafuta mmoja wa wazee walio pale langoni, mwamkie, mlipe haki yake. Halafu muulize ni nani aliyeishika ngome 1697, na uniambie umejibiwa nini.